Miayo ya Wakili Mkuu

Ilikuwepo nchi, na kwa habari nilizo nazo bado ipo, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga. Ni kwamba nchi yenyewe hubadilishwa jina kila kiongozi wake anapoota ndoto mpya, nami nisingependa hadithi iandikwe leo ikawa ya uongo kesho. Kiongozi huyo aliitwa Mlezi wa Taifa. Neno rais aliliona dogo, neno mfalme aliliona la kizamani, akaupenda ulezi kwa sababu mlezi, kama alivyoeleza mwenyewe redioni, hachaguliwi na watoto.

Katika nchi hiyo alizaliwa Tawakali Ligongwe, mwana wa muuza mkaa. Tangu utotoni alikuwa na kipawa. Siku moja mnofu ulipotea chunguni, naye Tawakali, midomo ikiwa bado inang'aa mafuta, alisimama mbele ya wazazi akathibitisha kwa hoja nne kwamba aliyeula ni dada yake. Dada akachapwa. Kilichowashangaza wazee ni kwamba hata yule dada, baada ya kusikia hoja ya nne, aliomba radhi.

"Mtoto huyu atakuwa wakili au mwizi," alisema mama.

"Akisoma sana atakuwa vyote," alijibu baba, akarudi kwenye mkaa wake.

Tawakali alisoma sana. Akaajiriwa katika Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na kesi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Mto Kibumbwi, uliokuwa umesomba daraja wiki moja baada ya Mlezi kulizindua. Wakubwa zake walitaka kumshtaki mkandarasi, lakini mkandarasi alikuwa shemeji wa mtu. Ligongwe akaushtaki mto. Aliithibitishia mahakama kwamba mto uliliona daraja, ulikuwa na njia nyingine za kupita, na ulikusudia kuidhalilisha serikali. Mto haukuleta utetezi wowote. Ukahukumiwa kutotiririka kwa miaka thelathini, na kwa kuwa ukame ulikuwa umekwisha bisha hodi, mto ukatii. Hapo ndipo nchi nzima ilipojua kwamba imepata mwanasheria.

Akapanda cheo mpaka akawa Wakili Mkuu mwenyewe. Mjane mmoja alilalamika kwamba shamba lake limechukuliwa kujengwa uwanja wa ndege. Ligongwe akaonyesha kwamba shamba liliondoka lenyewe, kwa hiari, kwa mapenzi ya nchi. Mawakili waliothubutu kumpinga nao walipungua. Kwanza alipitisha kanuni kwamba wakili wa utetezi asimame nje ya dirisha, kwa uhaba wa viti. Kisha akapitisha nyingine, kwamba anayemtetea adui wa serikali ni adui wa serikali. Mawakili wote wakaenda kufuga kuku. Mayai yakashuka bei, na serikali ikayataja mayai hayo katika mafanikio yake ya mwaka.

Kila kesi aliyoshinda, Wizara ilimpelekea mkewe, Bi. Stamili, doti ya kanga yenye maandishi yaliyoidhinishwa, kama vile SERIKALI HAIKOSEI, HUPITIWA TU. Bi. Stamili alikuwa mwanamke wa Mabondeni, mcheshi, asiyependa kupoteza kitambaa. Alizikata zile kanga nepi. Watoto wote wa nyumba ile walikulia juu ya ushindi wa serikali, wakaufanyia yale ambayo watoto hufanya.

Ligongwe hakujali. Yeye hakuzitaka kanga, wala fedha hakuwa mroho nazo kuliko wenzake. Alichokipenda ni ile dakika moja baada ya yeye kukaa chini, jaji anakohoa, watu wamebana pumzi, kisha inatamkwa: "Serikali imeshinda." Hapo alihisi joto tumboni kama mtu aliyekunywa uji wa moto asubuhi ya baridi. Hakuwahi kushindwa hata kesi moja, na mimi nadhani alikuwa hajui tena kama angeweza kuishi bila joto lile.

*

Sasa nieleze lile jambo la miayo.

Katika sherehe za Ulezi, Mlezi alihutubia uwanja wa mpira. Alikuwa anaeleza kwa nini hakuna sukari madukani, na alikuwa ameanzia mbali, kwenye asili ya muwa. Saa ya tatu ya hotuba, mzee mmoja aliyeitwa Chande Mbaruti, aliyestaafu kazi ya reli, alipiga miayo. Nanyi mnaijua miayo, haina ubinafsi. Ikamwendea jirani yake, ikapanda safu kwa safu, ikaingia katika bendi ya polisi, ikampata mpiga tarumbeta tarumbeta likiwa mdomoni, likatoa sauti ambayo heshima hainiruhusu kuieleza. Ikampata Waziri wa Habari. Mlezi alipoinua macho kwenye karatasi, aliona uwanja mzima umeachama.

"Asanteni, asanteni kwa shangwe," akasema, akafuta machozi.

Mambo yangeishia hapo, na sote tungelala salama. Lakini Ligongwe alikuwa amesimama nyuma yake. Akainama akamnong'oneza: "Si shangwe, Mheshimiwa. Ni miayo."

Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Kudhibiti Vinywa, iliyoandikwa kwa mkono wa Ligongwe mwenyewe. Atakayepiga miayo mbele ya Mlezi, au mbele ya sauti yake, au mbele ya picha yake, kifungo miaka saba. Bungeni mbunge mmoja tu aliuliza swali: je, na chafya? Akajibiwa kwamba chafya ni ruhusa kwa sasa. Na kwa kuwa sheria nyingine ilitaka picha ya Mlezi itundikwe katika kila chumba cha kulala, wananchi walianza kulala wamejifunika shuka gubigubi. Mwenye haja isiyozuilika aliruhusiwa kuomba kibali ofisi ya wilaya, ila foleni ya pale ilichosha mno, na picha ilikuwa ukutani, kwa hiyo wengi walikamatwa wakiwa kwenye foleni.

Wa kwanza kushtakiwa alikuwa Mzee Chande. Alipoulizwa ana utetezi gani, alisimama kwa kushikilia kizimba.

"Mwanangu," alimwambia Ligongwe, "nilichoka tu. Nilikuwa nimesimama pale tangu alfajiri."

Ligongwe alitabasamu. "Mheshimiwa Jaji," akasema, "kinywa ni mlango, na mlango haujifungui. Aliyeufungua ni mwenye nyumba. Uchovu haukuwa na funguo."

Miaka saba. Watu walipiga makofi, kwa sababu kutopiga makofi nako kulikuwa na sheria yake.

*

Mlezi akampenda Ligongwe kupita kiasi, akamwambia agombee ubunge wa Mabondeni ili baada ya uchaguzi ampe Wizara ya Haki na Mengineyo. Ligongwe akaingia kwenye siasa. Alivaa fulana yenye uso wa Mlezi, akajifunza kubeba watoto wa watu, akacheza ngoma kwa namna iliyowafanya wapigaji wapoteze mdundo.

"Mheshimiwa," alimuuliza mama mmoja mkutanoni, ndoo kichwani, "ule mto wetu uliofungwa unatoka lini?"

"Ukionyesha tabia njema," alijibu Ligongwe.

"Sisi tuna kiu, baba. Tabia tumeshaonyesha sisi."

Watu wakacheka, yeye akaandika jina la mama yule, kisha akakumbuka kwamba anaomba kura, akalifuta.

Mwezi mzima alikimbia kijiji kwa kijiji, halali akashiba usingizi. Siku ya kufunga kampeni Mlezi alikuja mwenyewe kumnadi. Kabla ya mkutano waliandaliwa pilau la mbuzi, na Ligongwe, kwa adabu, alikula kila alichopakuliwa. Kisha jua likawaka, Mlezi akashika kipaza sauti, akaanzia kwenye asili ya ubunge.

Ligongwe aliihisi ikija. Ilianzia nyuma ya masikio. Akauma meno. Akajifinya paja. Akaanza kuzisoma kimoyomoyo ibara za sheria yake mwenyewe, na hapo ndipo alipokosea, kwa maana hakuna kitu kinacholeta usingizi kama ibara alizokuwa akiandika Ligongwe. Taya zikajitenga. Akapiga miayo mipana, mirefu, yenye sauti, mpaka jino la dhahabu la nyuma kabisa likaonekana katika televisheni ya taifa.

Hakuna aliyefuata. Watu wa Mabondeni walikuwa wamekwisha jifunza kumeza. Walimtazama tu. Mlezi alinyamaza katikati ya neno. Kamanda wa polisi alimgeukia Wakili Mkuu wa Serikali, kama ilivyokuwa desturi, ili aulize nani akamatwe. Ligongwe naye, kwa mazoea ya miaka, akajinyooshea kidole kwamba ndiyo, huyu.

*

Ikawa tatizo. Serikali haikuwa na mwendesha mashtaka mwingine, na mshtakiwa hakuwa na wa kumtetea, maana mawakili wote walikuwa na kuku. Ikabidi Ligongwe aendeshe mashtaka kwa niaba ya serikali, na Ligongwe huyo huyo ajitetee.

Lakini msihofu, wakubwa walikuwa wamekwisha panga. Mlezi alimwita faragha.

"Ligongwe, mimi sina kinyongo nawe. Katika hotuba ile hata mimi nilibana miayo mara mbili. Wewe jitetee kidogo, kisha upande wa serikali ulegee. Jaji Kirobo nimeshamwambia. Hukumu ya kukuachia ameshaiandika, anaikunja na kuikunjua tu."

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Serikali ikishindwa mara moja haifi," alisema Mlezi. Ligongwe alitabasamu kwa shida, kama mtu aliyetukaniwa mama yake na mtu ambaye yeye hawezi kumjibu.

Jioni ile Bi. Stamili alimkalisha mkekani. Hakuwa na ucheshi siku hiyo.

"Baba Mboni, miaka yote sijakuomba kitu kuhusu kazi yako. Kesho ninaomba. Ushindwe."

"Nitashindwa, mama."

"Apa."

Akaapa. Hata hivyo mkewe hakumwamini, akamfanyisha mazoezi. Yeye alikuwa jaji, akikaa juu ya kinu alichokigeuza, na mumewe alisema maneno matatu tu aliyopaswa kusema: "Serikali haina neno." Aliyasema mara nyingi, kwanza kwa kigugumizi, mwishowe vizuri kabisa. Mtoto wao mdogo akayashika, akawa anayaimba akipelekwa kuoga.

Asubuhi mahakama ilifurika. Ligongwe alikuwa na joho la serikali: akilivaa alikuwa Wakili Mkuu, akilivua alikuwa mshtakiwa. Alilivaa, akasoma shtaka. Akalivua, akaingia kizimbani kujitetea, na hapo ilionekana kwamba bingwa yule hakujua kabisa namna ya kumtetea mtu. Alitafuta maneno makubwa hayakuja. Alifungua kinywa akafunga. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo:

"Mheshimiwa Jaji, nilichoka tu."

Ilikuwa miaka mingi tangu jambo la kweli lisemwe katika chumba kile na mtu wa serikali, na watu hawakujua walipokee vipi. Mama mmoja alijifuta macho. Karani alisahau kuandika. Jaji Kirobo, mzee aliyezoea kuhukumu akiwa anatazama saa, alikohoa kwa upole.

"Mahakama imesikia. Inaelekea kuridhika. Je, serikali ina neno?"

Ligongwe alitoka kizimbani akavaa joho. Katika benchi la mbele Bi. Stamili alianza kumchezea midomo bila sauti: serikali, haina, neno. Naye alikusudia, nawaambieni kweli alikusudia. Lakini alipogeuka aliona chumba kimejaa, shingo zimenyooshwa, jaji ameinamisha kalamu, na kizimbani hoja nyepesi kama ile imekaa bila kujibiwa, inamtazama. Joto likaanza kupanda tumboni.

"Serikali," alisema Ligongwe, "inalo neno."

"Ole wangu," alisema Bi. Stamili kwa sauti.

"Mheshimiwa Jaji, mshtakiwa anasema alichoka. Nani alimchosha? Alikuwa anamsikiliza Mlezi! Basi anadai kwamba Mlezi anachosha, na hilo ni kosa la pili, ambalo naomba liongezwe. Anasema miayo ilimjia. Mahakama hii ilikwisha amua kwamba kinywa ni mlango na mlango haujifungui. Raia wa kawaida angeweza kusema hakuijua sheria. Huyu aliitunga! Alipiga miayo akiwa anaijua ibara kwa ibara, na kwa ushahidi wa taya zake, alikuwa anaisoma wakati ule ule. Mheshimiwa, mtu huyu ni hatari kuliko wote niliowahi kuwashtaki. Namfahamu vizuri."

"Wakili," alisema Jaji, karibu kwa kusihi, "tafakari kidogo."

"Nimetafakari, Mheshimiwa. Tena naomba mahakama isiyatazame machozi ya mke wa mshtakiwa aliye benchi la mbele. Ni mbinu."

Jaji Kirobo alitoa mfukoni hukumu yake iliyoandikwa, akaitazama, akairudisha. "Utetezi," aliuliza, "una jibu? Jibu lolote. Hata dogo."

Ligongwe alivua joho, akarudi kizimbani, akafikiri kwa uaminifu wote.

"Hapana, Mheshimiwa. Hoja zile hazijibiki."

Alipata miaka saba kwa miayo, na miwili kwa kuchoshwa. Watu walipiga makofi, naye kutoka kizimbani akainama kidogo kuyapokea. Baadaye Wizara ilimpelekea Bi. Stamili kanga yake, kama kawaida. Hii hakuifanya nepi. Aliichoma jikoni akachemshia chai. Na wiki ile ile Ligongwe alitangazwa mbunge wa Mabondeni kwa kura nyingi, kwa sababu zilikuwa zimehesabiwa kabla ya miayo.

*

Gerezani alimkuta Mzee Chande Mbaruti. Mzee alisogea akampa nusu ya jamvi.

"Karibu, mwanangu. Humu piga miayo utakavyo. Picha waliisahau."

Ligongwe hakuipiga. Alikaa ukutani akisubiri mtu aje amwulize kitu. Hakuna aliyemwuliza. Askari walimwita kwa namba, wafungwa walimwita Wewe. Miezi ikapita. Alikonda, na si kwa chakula, kwani Bi. Stamili alimletea ndizi za nazi kila siku ya ziara, akizuia hasira zake mpaka atoke nje ya lango.

Nje, Bi. Stamili hakukaa bure. Aliwafuata wake za mawaziri, akawafuata waume zao, akasubiri katika veranda ambamo mbwa walipewa viti. Mpaka Mlezi, aliyeona magereza yamejaa na mashamba hayana watu, akakubali: wafungwa wote wa miayo wasamehewe.

Siku ya msamaha wafungwa walipangwa uwanjani, Mzee Chande akiwa mbele, amechana nywele. Ndugu zao walisubiri langoni na vikapu. Bi. Stamili alikuwa na shati jipya jeupe, amelipiga pasi mwenyewe, na alikuwa ameruhusiwa kusogea karibu na mumewe.

"Baba Mboni, nisikilize," alimwambia. "Kwa taratibu zao watauliza mara tatu kama serikali ina pingamizi. Leo sikuombi useme kitu. Nakuomba ukae kimya tu. Kimya, basi. Watoto wanakungoja."

"Nitakaa kimya," alisema Ligongwe, na machozi yalimtoka. Alimpenda mkewe, na alizitaka zile ndizi azile kwake, kwenye meza yake.

Ofisa akasoma msamaha. Kisha akauliza: "Je, serikali ina pingamizi?"

Kimya. Bi. Stamili alimshika mkono.

"Je, serikali ina pingamizi?"

Kimya. Mzee Chande alianza kutabasamu.

Ofisa aligeuza karatasi, kwani mara ya tatu ilitakiwa isomwe kwa ukamilifu. "Namwita Mheshimiwa Wakili Mkuu wa Serikali, Tawakali bin Ligongwe, mwanasheria msomi ambaye hajapata kushindwa. Je, serikali ina pingamizi?"

Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumvua cheo. Na ilikuwa miezi mingi tangu mtu yeyote amwite hivyo. Bi. Stamili alihisi mkono wa mumewe ukichomoka katika wake taratibu, akauvuta, haukuvutika. Ligongwe alikuwa amenyooka, kifua mbele, macho yanang'aa kama siku ile ya mto.

"Serikali," alisema, "inapinga."

Akatoa hoja nne. Zilikuwa nzuri sana. Hata ofisa alikubali. Wafungwa walirudishwa ndani mmoja mmoja, na ndugu langoni walianza kufunga vikapu vyao bila kusema kitu. Ligongwe alimgeukia mkewe, uso umejaa damu, amerudia ujana.

"Umeisikia ile ya tatu?" alimwuliza. "Umeisikia nilivyoiweka?"

Bi. Stamili alimtazama muda mrefu, kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi. Kisha alikwenda kwenye mstari wa wafungwa, akampa Mzee Chande lile shati jeupe na kile kikapu cha ndizi, akamwomba radhi, akaenda zake nyumbani kwa watoto.